Kiwanja Tulichosahau Kukomboa

Mwezi wa Rajabu, mwaka 1952, masika yakiwa yamekolea, nilifiwa na mume wangu. Alikata roho alfajiri nyumbani kwetu Mitwero, nje kidogo ya mji wa Lindi, akazikwa siku hiyo hiyo kabla ya Alasiri. Siku ya tatu ya matanga kikapotea na kiwanja chetu, ila hilo sikulijua mpaka mwezi uliofuata.

Kiwanja chenyewe mume wangu alikifyeka pori alipohamia kutoka Miteja. Jumbe alimpa ruhusa kwa mdomo, kama walivyopewa wote. Akajenga nyumba ya miti na udongo, akaezeka makuti. Mimi nikapanda minazi na mikorosho. Mtoto wetu wa pekee, ambaye hakuwahi kutembea, tulimzika nyuma ya nyumba, nje ya ua, karibu na mnazi niliompandia siku kitovu chake kilipodondoka. Kaburi lilizungushiwa mawe madogo, na mtu asiyejua angedhani ni bustani ya mchicha iliyoachwa. Kwa hiyo kila niliposikia neno kiwanja, nilichoona mbele ya macho yangu ni mawe yale.

Mwaka ule serikali ilikuwa ikisogeza mpaka wa mji. Walikuja wapimaji na minyororo yao na fito zenye rangi nyekundu na nyeupe, wakawa wanapigilia vigingi kwenye mashamba ya watu bila kusema sana. Ikasemekana kila mwenye nyumba ataandikwa, atapewa hati, na kila mwaka atalipa kodi ya ardhi aliyokalia. Watu waliuliza: nilipe kodi ya pori nililofyeka mwenyewe? Wengine walisema anayeandikwa leo ndiye atakayehamishwa kesho. Mume wangu alikuwa miongoni mwao. Karani wa ardhi alikuja mara mbili kumwuliza jina, na mara zote mbili alijibu kwamba mwenye nyumba amesafiri.

"Umejisafirisha wewe mwenyewe," nilimwambia mara ya pili.

"Bora nisafiri mimi kuliko nyumba," alinijibu.

Baadaye alisafiri kweli, na jina lake halikuwa limeandikwa popote.

Sasa nimtaje mtani. Ukoo wa mume wangu ulikuwa na watani wake, watu wa upande wa Kikole, na mmoja wao alikuwa jirani yetu, fundi wa kupiga lipu ya chokaa. Marehemu alipokuwa hai hawakupita siku bila kutukanana. Alipokufa, mtani huyu ndiye aliyeosha vyombo vya msibani, ndiye aliyechimba kaburi, na ndiye aliyeuteka msiba kama desturi inavyomruhusu. Alivaa kanzu ya marehemu na kofia yake, akakalia kiti chake barazani, akakohoa kikohozi chake. Mimi nilikuwa ndani, nimeanza kukaa eda, nimevaa nguo nyeupe, nimeegemea ukuta. Kile kikohozi kiliponifikia nilishtuka nikataka kuinuka.

"Nani kawaruhusu kula wali wangu?" nilimsikia akiwafokea waombolezaji. "Nikiwa hai hamkuniletea hata papa mkavu, leo mnajaza matumbo!"

Watu wakacheka huku wakifuta machozi. Hiyo ndiyo kazi ya mtani.

Katika kicheko hicho akaingia karani wa ardhi. Alikuwa kijana mgeni kutoka bara, kaptula yake imepigwa pasi, soksi zimevutwa mpaka magotini. Alitoa pole. Nadhani aliona watu wengi wamekusanyika, akaona leo hatadanganywa kwamba mwenye nyumba amesafiri.

"Nani mwenye kiwanja hiki?" aliuliza.

"Unaniuliza mimi na kiti nimekikalia?" mtani akajibu. "Mwenyewe ni mimi. Na mjane yumo humo ndani, naye wangu. Mwandike naye."

Baraza zima likaangua kicheko. Karani akasubiri watulie. Nafikiri alidhani wanamcheka kwa lafudhi yake, maana aliporudi kuuliza sauti yake ilikuwa kali kidogo. Akauliza jina. Na mtani, aliyekuwa akimwigiza marehemu tangu asubuhi, hakutaja jina la marehemu. Alitaja jina lake mwenyewe. Nililisikia kwa masikio yangu, na hata siku hiyo, na majonzi niliyokuwa nayo, lilinigusa mahali. Kisha nikasikia mtu akisema, "Tia dole hapa," na kicheko kingine, nadhani alipofuta wino kwenye kanzu. Wakazunguka nyuma kuonyeshana mipaka. Huko nako watu wakacheka sana, lakini kutoka ndani sikuweza kujua wanacheka nini.

Siku ya kuondoa tanga, wifi yangu, dada wa marehemu, alikaa na watani kuvikomboa vile walivyoteka, maana kitu alichochukua mtani msibani hakirudi bure. Alitoa kuku, kanzu ikarudi na doa lake la wino. Akatoa mchele, kofia na kiti vikarudi. Wakatukanana kidogo, wakaombeana dua, wakaagana. Nyumba ikawa kimya.

Ilipoingia Shaabani akapita tarishi wa Boma akiuliza nyumba ya fundi chokaa. Wifi yangu alimwona, akamfuata, akarudi kwangu akihema.

"Wifi, una habari? Kiwanja chako kina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Yule yule aliyevaa kanzu. Kaletewa barua ya serikali. Baada ya Idi anaitwa Bomani kuchukua hati, na mwenye pingamizi afike siku hiyo hiyo. Tarishi kanisomea."

Nilimwambia hayo yalikuwa matani.

"Matani yake yana dole gumba," alisema wifi.

Nilimngoja mtani aje mwenyewe aseme. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya njia, na kabla ya hapo hakuwahi kupita bila kunipigia kelele kutoka barabarani, kwamba nimenenepa kwa mchele wa matanga, kwamba marehemu kamtokea ndotoni akilalamika mchuzi wangu. Tangu barua ile alipita kimya. Nilikuwa namwangalia kwa upenyo wa dirisha, ndoo ya chokaa mkononi, uso ameuelekeza mbele. Laiti angenitukana ningelala usingizi. Mtani anayenyamaza ana lake jambo, ndivyo nilivyoamini, na kila alivyopita nililitafuta jambo hilo kwenye mwendo wake na kwenye mabega yake. Mbona alitaja jina lake? Mbona hakuja kusema tumekosea? Nikakumbuka pia alivyosema kwamba mjane naye ni wake. Watu walicheka, mimi sikucheka. Wapo wanaume walioanza hivyo hivyo.

Wifi alinijia kila jioni ya Ramadhani na kibakuli cha uji, na kila jioni alizungumzia kiwanja.

"Wewe uko eda, hutoki. Niachie mimi niende Bomani."

"Ukifika utasema nini?"

"Nitasema ni cha kaka yangu."

"Na wakiuliza sasa kiandikwe nani?"

Alikoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa. "Si ataandikwa mwanangu? Mjomba wake kafa, mpwa yupo. Hayo si mageni kwetu."

Sisemi uongo, alichosema kilikuwa desturi ya kwao, na kwa sheria ya dini naye alikuwa na fungu lake, tena kubwa kuliko langu, kwa kuwa mimi sikubakiwa na mtoto. Lakini mwanawe alikuwa na kazi ya upagazi bandarini, na hakuwahi kuja kulitazama kaburi lile tangu lilipochimbwa. Kuanzia jioni hiyo uji wake niliunywa huku nikimtazama mikono. Nikawa na watu wawili wa kuwatilia shaka, mmoja ng'ambo ya njia na mwingine ndani ya nyumba yangu.

Kilichonisumbua zaidi ni vigingi. Kupitia makuti ya ua niliona kimoja, kichwa chake kimepakwa rangi nyekundu, kimechomoza kwenye majani upande wa kaburi. Majani yalikuwa yamerefuka kwa mvua. Sikuweza kuona kama kaburi liko upande wetu wa kigingi au upande wa pili, ambako ilisemekana itapita barabara.

"Kimepigiliwa wapi kile?" nilimwuliza wifi.

"Sikuangalia, nilikuwa nacheka," alisema. Hilo nalo sikuliamini.

Mwisho nilimwita mwalimu wa madrasa, mzee aliyenifundisha kusoma nikiwa mdogo. Alikaa barazani, nami nikazungumza naye nyuma ya mlango.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mungu akupe subira."

Nilimwuliza mambo mawili. La kwanza, naweza kwenda Bomani nikiwa eda? Akasema kwa dharura naweza, mchana, niende nilikoitwa na kurudi, nisizurure. La pili nilimwomba aende kwa mtani amwulize moyo wake una nini. Alikwenda, na hakukawia.

"Anasema kanzu mlikomboa," mwalimu aliniambia.

"Ndiyo."

"Kofia mlikomboa. Kiti mlikomboa. Kiwanja hamkukikomboa."

Nilisogeza sikio kwenye mlango. Nikasikia kama mwalimu anacheka puani, mtu mzima yule, mwezi mtukufu.

"Anasema mtani hadai. Matanga yakishaisha hawezi kuja kukukumbusha, atakuwa omba omba. Na hawezi kurudisha bure, itakuwa kama marehemu hakuwa na thamani kwake. Ndiyo maana kanyamaza. Amekuwa akingoja mkumbuke."

"Na wewe mwalimu unamwamini?"

"Mimi nimekuletea maneno yake. Moyo wake sikuubeba."

Kwa desturi yetu, mtani alikuwa na haki. Alikiteka mbele ya watu wote, nasi tulipokaa kuhesabu alivyoteka tulihesabu vinavyoshikika mkononi. Hakuna aliyewahi kusikia kiwanja kikitekwa. Lakini jibu lililonyooka namna ile lilinitia wasiwasi mpya. Mtu aliyekuwa na wiki nyingi za kufikiri anaweza kupata jibu zuri. Wifi nilipomsimulia, na kwamba nitakikomboa kwa jogoo, alinikatia:

"Leo jogoo, kesho mbuzi, keshokutwa atakutaka wewe." Kisha akaongeza kwa upole, "Usihangaike, wifi. Jogoo nitaleta mimi. Ninao wawili."

"Nina wangu."

"Kuku wako wa kutaga."

"Nina jogoo," nilisema.

Sikukuu ikapita bila nguo mpya. Siku ya kuitwa nilitoka kwa mlango wa mbele, nguo nyeupe mpaka usoni, jogoo wangu amefungwa miguu chini ya nguo. Kigingi kilikuwa nyuma ya nyumba, nami nilikuwa nimeahidi kutozurura, kwa hiyo sikwenda kukiangalia. Mwalimu alitangulia mbele yangu hatua kadhaa. Tulipofika Bomani, mtani alikuwa ameketi kwenye ngazi, kavaa shati safi. Na kwenye baraza, amesimama wima, alikuwepo wifi yangu na jogoo mwekundu kwapani.

Tulitazamana. Jogoo wake akamwona jogoo wangu akaanza kupiga kelele.

Karani akatoka. "Hapa si sokoni," alisema. "Kuku hawaingii ofisini."

"Hawa ndio kesi yenyewe, bwana karani," mtani akamwambia.

Ikabidi shauri lisikilizwe pale pale barazani. Mwalimu akamweleza karani yote: utani, kikohozi, kanzu, kuku wa kanzu. Karani alisikiliza akishika kalamu bila kuandika. Alikuwa mtu wa heshima, na naamini ndipo alipotambua kile watu walichokuwa wakikicheka siku ile. Akamgeukia mtani.

"Uliiambia serikali kiwanja ni chako. Ni chako au si chako?"

"Siku ile kilikuwa changu. Na leo bado ni changu. Wakikomboa si changu."

"Mbona ulitaja jina lako na siyo la marehemu?"

Nilisogea karibu. Hilo ndilo swali langu la miezi yote.

"Jina la maiti niipe serikali?" mtani akasema. "Si mngemtafuta alipe kodi!"

Mwalimu akainamisha kichwa. Hata karani alitabasamu. Mimi nilimtazama mtani usoni, na sikuona kitu cha kunihakikishia kwamba anasema kweli wala kwamba anadanganya.

Karani akaeleza kwamba karatasi iliyotiwa dole haichanwi, lakini kabla hati haijatolewa mwenye jina anaweza kumwachia mtu mwingine, na huyo ndiye atakayepewa hati na kulipa kodi ya kila mwaka. Akafungua wino. "Unamwachia nani?"

Wifi akasogeza jogoo wake mbele. "Andika mwanangu. Mpwa wa marehemu. Na jogoo huyu hapa, mkubwa."

 Nilimtoa jogoo wangu chini ya nguo nikamweka sakafuni, basi. Alikuwa mdogo, manyoya ya shingo yamenyonyoka. Nilisema neno moja tu:

"Mtoto yuko pale."

Karani hakuelewa. Wifi alielewa, na akaangalia pembeni.

Mtani aliwatazama majogoo wale wawili kwa muda mrefu kama mtu aliyepo mnadani. Aliwapima vifua, akawapulizia manyoya. Nilijua ni yupi aliyekuwa mzuri. Kisha akamwuliza wifi, "Huyu wako kalala wapi jana?"

"Kwangu, utani gani huo?"

"Na huyu?" akaniuliza mimi.

"Kwenye nyumba ya marehemu."

"Basi," akasema. "Nilichokichukua nilikichukua nyumba ile. Cha kukikomboa kitoke nyumba ile ile. Wewe, jogoo wako ni mnono, kampikie mumeo, amekonda hata anatia huruma."

"Mwanaharamu!" wifi akamjibu, lakini alikuwa anacheka, na huku anacheka machozi yanamtoka, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona akimlilia kaka yake tangu matanga.

Mtani akatia dole. Mimi niliandika jina langu kwa mkono wangu, polepole, herufi zikapanda juu kama ngazi. Karani alipofika mahali pa kuandika uhusiano wa anayeacha na anayeachiwa, aliinua kichwa.

"Wewe ni nani kwake?"

"Mtani."

Akatafuta kwenye karatasi yake mahali pa neno hilo, hapakuwapo. Akaandika ndugu.

Wifi hakunifuata nyumbani siku ile, alikuja kesho yake na uji, ingawa Ramadhani ilikuwa imekwisha. Nilimwambia minazi yote ya upande wa kisima ataangua yeye na mwanawe maisha yao, kwa kuwa ile ilikuwa sehemu ya fungu lake na sikutaka kulala juu ya haki ya mtu. Alikubali bila kushukuru, nami sikutaka anishukuru. Hatukuzungumza tena habari ya majogoo.

Nilitoka eda mwezi wa Mfungo Pili. Wifi ndiye aliyeniogesha na kunivisha kanga ya rangi. Jambo la kwanza nililofanya ni kuzunguka nyuma ya nyumba. Majani yalikuwa yameanza kukauka. Nikaona mawe ya mwanangu, nikaona mnazi, na mbali kidogo ng'ambo ya mnazi nikaona kigingi chenye kichwa chekundu. Kaburi lilikuwa ndani ya kiwanja, tena kwa nafasi ya kutosha mtu kulala.

"Si ndipo alipolala?" wifi akasema nyuma yangu.

"Nani?"

"Mtani wenu. Karani alimwambia amwonyeshe mwisho wa kiwanja. Mimi na wenzangu tulidhani atasema mwisho ni baharini. Akapita mnazi, akajilaza chini chali na kanzu ya watu, akasema mimi mwisho wangu ni hapa, pigilia miguuni. Karani akapigilia. Tulicheka mpaka tukakaa chini."

"Mbona hukuniambia nilipokuuliza?"

"Uliniuliza kigingi kiko wapi. Vigingi sikuviangalia, nilikuwa namwangalia yeye."

Kama alijilaza pale kwa kuchekesha watu, au kwa sababu alijua kuna nini upande wa kichwa chake, sijui. Yeye ndiye aliyemchimbia mtoto yule kaburi. Aliishi miaka mingi baada ya hapo na sikuwahi kumwuliza. Mtani haulizwi mambo hayo, na jibu lake nisingejua kama ni la kweli.

Nilikuwa bado nimesimama pale, wifi amerudi ndani, nilipomsikia njiani na ndoo yake ya chokaa ikigongana na goti.

"Mjane!" alipiga kelele. "Umekaa kwenye kiwanja changu miezi yote hiyo, kodi yangu iko wapi?"

Nikainama nikaokota kifuu, nikamrushia. Kikampata mgongoni.

"Jogoo wako alikuwa mgumu kama jiwe!" akasema, akaenda zake kazini.